Bosi na daktari wa tatu: kisa cha kumtafutia mbwa matibabu Tanga

Nilipompigia simu daktari wa tatu, aliniuliza maswali matatu kabla hajanitajia bei wala mahali alipo. Mbwa amemng'ata mtu yeyote siku hizi? Mara ya mwisho alichanjwa kichaa lini, na kadi ipo? Tangu aanze kuumwa amechomwa sindano gani? La kwanza nililijibu. Kwa mawili yaliyofuata nilibaki nimeshika simu tu, namtazama Bosi aliyelala chini ya mwembe, damu ikimtoka tundu moja la pua.

Tangu siku hiyo watu wengi wameniuliza: daktari mzuri wa mbwa hapa Tanga ni nani? Jina moja halitoshi kuwa jibu, tena si haki kwa wengine. Watu watatu waliomgusa Bosi, au waliokaribia kumgusa, wote wanaitwa dokta. Mmoja wao naendelea kumwita nyumbani kwangu hadi leo, ingawa mbwa wangu nusura afe baada ya sindano zake. Ndiyo maana nakieleza kisa chote, na sehemu niliyokosea mimi nitaisema pia.

Tunaishi Pongwe, nje kidogo ya mji. Tuna ng'ombe wanne wa maziwa na ndama wawili. Bosi ana miaka minne. Mama yake ni mbwa wa kienyeji, na baba yake ni yule tunayemwita mbwa wa polisi, mwenye mgongo mweusi na masikio ya kusimama. Haingii ndani. Nyumba yetu ni ya Kiislamu, na mbwa wa ulinzi na mifugo dini imemruhusu, ila ana banda lake, sahani yake na mipaka yake. Mipaka hiyo haikupunguza mapenzi. Mwaka juzi wezi waliruka ukuta wakimfuata ndama, na Bosi ndiye aliyeamsha mtaa mzima.

Ijumaa asubuhi hakugusa uji wake. Jioni alikuwa amejikunja kwenye kona ya banda, na nilipomwita alitingisha mkia bila kuinuka.

Jumamosi nilimpigia mtu ninayempigia kila mnyama wetu anapougua, bwana mifugo wetu. Huyu ametutibia ndigana kali, ametuzalishia ng'ombe aliyekwama usiku wa manane, na mtamba wetu mkubwa yu hai kwa sababu yake. Alifika kwa pikipiki ndani ya saa moja. Alimshika Bosi masikio, akampapasa chini ya taya, akatoa kupe wawili nyuma ya sikio na kuwaponda kwa kiatu. "Homa hii, mama," akasema. "Kupe hawa ndio waliomleta hapa." Akamchoma sindano mbili pajani, moja ya njano na moja nyekundu. Nikampa shilingi elfu ishirini. Alipokuwa anawasha pikipiki alisema, "Jumatatu nipigie, uniambie anaendeleaje."

Jumapili Bosi alikula dagaa. Jumatatu alibweka getini. Sikupiga simu. Niliona amepona, na asubuhi hiyo tulikuwa na maziwa ya kupeleka. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nililielewa Jumatano, nilipoona matone ya damu kwenye saruji ya veranda na madoa ya zambarau kwenye ngozi ya tumbo lake, pale manyoya yanapopungua.

Simu ya bwana mifugo haikupatikana. Nikaenda mjini kwenye duka la dawa za mifugo. Kijana aliyekuwa kaunta alikuwa amevaa koti jeupe, na wateja wote walimwita dokta. Nikamweleza: hali chakula, homa, damu puani. Hakuniuliza kitu. Akashusha chupa mbili, ya aivamektini na ya diklofenaki. "Hii ya kupe na minyoo, hii ya maumivu. Mchome zote leo." Nikauliza nimchome kiasi gani. Akaniuliza, "Mbwa mkubwa au wa kawaida?" Nikasema wa kawaida. "Basi sisi tatu," yaani mililita tatu.

Pesa nilikuwa nimeshazitoa. Kilichonizuia ni simu ya mdogo wangu, ambaye ni muuguzi. Alinipigia kwa mambo yake mengine, nikamtajia dawa zile. Akaninyamazia kidogo, kisha akasema: "Dada, mtu anayetoka damu puani na hatujui sababu, hatumchomi diklofenaki. Inazidisha damu kutoka. Sidhani mbwa ni tofauti. Tafuta anayepima."

Mbwa si tofauti, na kwa dawa hiyo ni dhaifu kuliko sisi. Diklofenaki humtoboa mbwa vidonda vya tumbo na kumharibia figo hata akiwa hana tatizo la damu. Aivamektini nayo ina kipimo chake cha mbwa, kidogo sana kuliko watu wanavyodhani wakiwa na chupa iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, na aina za mbwa kama Collie zina kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo ipenye hadi kwenye ubongo. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilijua kitu kimoja tu: mtu aliyetaka nimchome mbwa wangu sindano mbili hakuwa amemwona, hakujua uzito wake, na swali lake la pekee lilikuwa mkubwa au wa kawaida.

Nikaenda ofisi ya mifugo ya halmashauri. Niliuliza hivi: nani hapa ana shahada, amesajiliwa, na ana hadubini inayofanya kazi? Nadhani hilo la hadubini ndilo lililomfanya afisa ainue kichwa. Akaniandikia namba mbili. Wa kwanza alikuwa safarini Handeni kwa kazi ya ng'ombe. Wa pili ndiye aliyeniuliza maswali matatu niliyoanza nayo.

Inafaa nieleze habari ya usajili, maana wengi hatuijui. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Baraza la Veterinari Tanzania. Daktari wa wanyama ni mwenye shahada, aliyesajiliwa na Baraza hilo; kwa aliyesoma hapa nchini, shahada hiyo ni ya miaka mitano pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro. Wenye cheti au stashahada ya afya ya mifugo, wanaosoma kwenye vyuo vya mifugo vya LITA kama Buhuri hapa Tanga, nao wana daraja lao kisheria, la wataalamu wasaidizi, na wao pia huandikishwa. Nchi hii ingekwama bila wao. Vijijini ndio wanaochanja kuku na kutibu ng'ombe, wakati daktari mwenye shahada yuko wilaya nzima mbali. Lakini ni daraja tofauti, na mteja ana haki ya kujua anazungumza na wa daraja gani. Kuuliza "umesajiliwa na Baraza?" si utovu wa adabu. Daktari wa tatu nilipomuuliza alinionyesha cheti ukutani kwa kidole, bila kukasirika, akaendelea na kazi.

Kumfikisha kwake kulikuwa kisa ndani ya kisa. Bajaji tatu zilikataa. Siwalaumu: kiti cha abiria kikilowa mate ya mbwa, dereva anayeswali ana kazi ya kufanya kabla hajapakia mtu mwingine. Aliyekubali alikuwa mzee mmoja mwenye kirikuu, gari dogo la mizigo, na alitoa sharti lake waziwazi. Mbwa akae nyuma juu ya turubai letu, na tukirudi bodi ioshwe mara saba, moja kwa udongo. Kijana anayetusaidia ng'ombe alikaa naye nyuma, kamfunga mdomo kwa kitambaa, kampakata kichwa. Tuliporudi jioni tuliosha kama tulivyoahidi, mzee akihesabu. Nalitaja hili kwa sababu ushauri mwingi wa kuchagua daktari wa mbwa unadhani kila mtu ana gari. Kwa wengi wetu swali la mwanzo ni je, anakuja nyumbani? Kama haji, nani atambeba mbwa? Ukilijibu siku ambayo mbwa ni mzima, utakuwa na namba ya mzee wa kirikuu. Ukilisubiri siku ya damu, utasimama barabarani jua kali ukibembeleza madereva.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya nyumba ya kawaida, sakafu ya saruji, meza ya chuma iliyopauka kwa jiki. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumpima Bosi uzito. Hakuwa na mizani ya wanyama. Alikuwa na ile ya kupimia magunia. Kijana wetu alipanda peke yake: kilo 61. Akapanda na Bosi mikononi: 87. Akaandika 26 kwenye daftari na kuizungushia duara.

Kisha akavaa glavu na kuinua mdomo wa juu wa Bosi. Mimi namwona mbwa huyu kila siku na sikuwahi kuangalia fizi zake. Zilikuwa nyeupe kama nyama ya dafu. Akabonyeza kwa kidole, akaachia, akahesabu kwa sauti ili nami nisikie: moja, mbili, tatu, ndipo rangi hafifu ikarudi. "Kwa mzima haizidi mbili," akasema. Kipimajoto kikasoma 40.3, joto la mbwa mzima halifiki 39 na nusu. Akampapasa tumbo upande wa kushoto, akaishika mikono yangu na kuiweka pale ili nisikie bandama ilivyovimba.

Damu aliichukua kidogo ukingoni mwa sikio kwa ajili ya slaidi, na nyingine mguuni. Ile ya mguuni aliiweka kwenye kineli chembamba cha kioo, akakizungusha kwenye mashine ndogo iliyolia kama blenda. Baadaye alikiweka kwenye mwanga wa dirisha. Sehemu nyekundu ilikuwa fupi, juu yake maji ya manjano hafifu. Ilikuwa 21 kati ya mia. Mbwa mzima huwa kati ya 37 na 55.

Kwenye hadubini alikaa muda mrefu. Alikuwa akitafuta mkojo damu, ugonjwa wa kupe tunaoujua kwa ng'ombe na ambao mbwa naye ana aina zake, kwa kuwa vijidudu vyake huonekana ndani ya chembe nyekundu. Hakuviona. Akatafuta pia chembe sahani, zinazogandisha damu. Katika kila eneo aliloangalia zilitakiwa kuwa kumi au zaidi, yeye aliona moja, mahali pengine hakuna. Akanivutia kiti nami nikaangalia. Sikuelewa kitu, lakini nilipenda kwamba aliniita.

Halafu akasema maneno niliyokuwa sijayasikia kwa dokta yeyote wa wanyama: "Sijui kwa hakika bado." Akaeleza. Dalili zote zinaelekea kwenye elikia, ugonjwa unaoletwa na kupe wa kahawia wa mbwa, ambao hushambulia chembe nyeupe na kumaliza chembe sahani. Vijidudu vyake mara nyingi havionekani kwenye slaidi hata vikiwepo, kwa hiyo kutoviona hakumaanishi havipo. Kipimo cha kuthibitisha hakuwa nacho siku hiyo. Angeweza kukiagiza, lakini kusubiri bila dawa kungekuwa hatari zaidi kuliko kuanza dozi kwa dalili hizi. Kama baada ya siku tatu hakuna nafuu, angejua amekosea, na tungechukua njia nyingine. Siku hizo tatu alizitaja kwa majina: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi.

Akaniuliza tena sindano za Jumamosi zilikuwa nini. Nikasema moja ya njano, moja nyekundu. Akatabasamu na kuomba namba ya bwana mifugo. Safari hii simu ilipatikana. Alijitambulisha, akamwita "mwenzangu", akauliza alimpa nini na kiasi gani. Oksitetrasaiklini na vitamini, bwana mifugo akasema, akataja mililita. Daktari akamshukuru, akamwambia alichokiona kwenye slaidi, na bwana mifugo akamwuliza maswali mawili matatu. Mazungumzo yalikuwa ya dakika nne. Hakuna aliyemsema mwenzake.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu kuliko ninavyokisimulia mtaani. Bwana mifugo hakukosea ugonjwa. Alisema kupe, na ilikuwa kupe. Dawa aliyompa ni ya ukoo mmoja na dawa sahihi. Kilichokosekana ni muda. Elikia hutibiwa kwa doksisaiklini siku 28 mfululizo, kwa uzito, na sindano moja ya oksitetrasaiklini humtuliza mgonjwa siku mbili tatu kisha ugonjwa unarudi ukiwa umetafuna zaidi. Nafuu ya Jumapili ndiyo iliyotudanganya. Yeye aliacha mlango wazi: nipigie Jumatatu. Mimi niliufunga.

Lakini kuna jambo jingine ambalo nililiona nilipokuwa narudi nyumbani nimekaa mbele ya kirikuu. Kwa ng'ombe wetu bwana mifugo huja na utepe. Huuzungusha kifuani, husoma kilo, ndipo avute dawa. Kwa Bosi hakupima. Hakuna aliyemfundisha kumchukulia mbwa kama mgonjwa kamili, na wateja wake, mimi nikiwemo, hatukuwahi kumwita kwa mbwa isipokuwa kwa chanjo. Ustadi wake upo, ila upo kwenye ng'ombe. Nilimchagua kwa mazoea, na mazoea yangu yalikuwa ya mnyama mwingine.

Daktari alihesabu dozi mbele yangu: kilo 26, miligramu kumi kwa kila kilo kwa siku. Vidonge vya miligramu 100, kimoja na nusu asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula na maji ya kutosha, kwa sababu kidonge kikikwama kooni huunguza. Nilipomwambia nitamfichia kidonge kwenye maziwa, maana ndicho tulicho nacho kwa wingi, alinikataza kwa mkono wote. Maziwa hushikamana na dawa za ukoo huu na kupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Ugali na supu ya dagaa. Na dozi isikatwe Bosi akianza kubweka.

Sindano hakuchoma. Nililipa shilingi elfu hamsini na tano kwa vipimo, ushauri na dawa za wiki ya kwanza, nikarudi nyumbani na pakiti ya vidonge. Mama mkwe aliniuliza, "Daktari gani huyo hachomi?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Sisi sote tumekua tukiamini sindano ndiyo tiba. Dokta asiyechoma tunaona kala pesa yetu bure, na waganga wa wanyama wanalijua hilo, ndiyo maana vitamini nyekundu haikosekani mkobani. Nadhani hiki ndicho kinachotupoteza zaidi tunapochagua. Tunapima kazi kwa kile kinachoingia mwilini mwa mnyama mbele ya macho yetu. Uzito kwenye daftari, kidole kwenye fizi, nusu saa ya hadubini, hivyo havionekani kama tiba, na ndivyo vilivyoamua Bosi apewe nini.

Kabla sijaondoka nilimwuliza: damu ikizidi kushuka? Akasema hapo hana uwezo tena. Itabidi Morogoro, kwenye hospitali ya rufaa ya wanyama ya SUA, zaidi ya kilomita 300 kupitia Segera na Chalinze, na huenda akahitaji kuongezewa damu ya mbwa mwingine. Akaniambia nianze kufikiria ni mbwa gani mkubwa na mzima wa jirani anayeweza kutoa. Yule wa dukani alikuwa na uhakika wa kila kitu. Huyu alinichorea mpaka wa ujuzi wake na barabara inayoanzia hapo, na usiku ule angalau nilipata usingizi kwa sababu hiyo.

Aliniambia pia neno kuhusu damu ya baba yake Bosi. Elikia ilielezwa mara ya kwanza Algeria mwaka 1935, ila dunia iliishtukia wakati wa vita vya Vietnam, ilipoua mbwa wa jeshi la Marekani kwa mamia, na wengi walikuwa wa aina hii ya mbwa wa polisi. Wanaugua vibaya kuliko wengine. Sisi tulimtafuta mbwa mwenye damu hiyo kwa ajili ya ukali wake, hatukujua tumenunua na udhaifu wake.

Ijumaa jioni alilamba supu. Jumamosi alisimama na kwenda kukojoa ukutani, mkojo wa rangi yake ya kawaida. Damu puani ilikuwa imekoma. Nilipiga simu siku zote tatu, hata ile ambayo sikuwa na jipya la kusema.

Wiki iliyofuata daktari alikuja mwenyewe. Hakwenda kwa Bosi kwanza, alikwenda kwenye banda. Aliingiza tochi kwenye ufa wa ukuta, juu karibu na bati, akaniita. Ndani walikuwa wamepangana kama punje za ufuta, na katikati yao jike mmoja aliyevimba rangi ya kijivu. Kila wiki tunapulizia ng'ombe dawa ya kupe, nami nilikuwa na hakika boma langu ni safi. Kupe wa ng'ombe wengi hukaa majanini. Huyu wa mbwa huishi ukutani, hupanda juu, hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa, na anaweza kumaliza maisha yake yote kwa kumtegemea mbwa peke yake bila kumgusa ng'ombe. Tukaziba nyufa kwa saruji, tukachoma magunia ya kulalia, tukapulizia kuta kwa dawa aliyoandika yeye, kwa kipimo alichoandika yeye, Bosi akiwa amefungwa mbali kwenye mwembe. Mtu ambaye angeishia kwenye vidonge angetuacha turudie ugonjwa uleule mwaka huu.

Siku hiyohiyo alimaliza suala la kadi. Bosi aliwahi kuchanjwa kwenye kampeni ya kata, kadi ikapotea, na sikukumbuka mwaka. Kwa daktari, bila kumbukumbu ni sawa na hajachanjwa, na ndiyo maana alivaa glavu kabla ya kugusa mdomo. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kutokana na mbwa, wengi wao Afrika na Asia na wengi watoto, na dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba. Alisema atamchanja Bosi dozi ikiisha na damu ikirudi. Nilipofuata chanjo hiyo baadaye alifungua friji mbele yangu: chanjo peke yake, na kipimajoto kinachoning'inia kwa uzi kikisoma 5. Inatakiwa ikae kati ya 2 na 8 mfululizo, na umeme ukikatika huihamishia kwenye kasha la barafu. Niliikumbuka friji ya lile duka la mjini, chanjo zimekaa juu ya soda, mlango unafunguliwa kila mteja anapotaka maji baridi. Chanjo iliyopata joto haikuambii imekufa. Mbwa anapata kadi, anapata muhuri, na hana kinga.

Siwezi kusema njia niliyoipita ni ya kila kisa. Angekuwa mtoto wa mbwa wa miezi mitatu anayetapika na kuharisha damu, yaani pavo, muda wa kutafuta mwenye hadubini usingekuwepo. Pavo humkausha maji ndani ya siku moja mbili, na mtaalamu aliye karibu anayejua kutundika dripu na kurudi usiku kuitazama ana thamani kuliko bingwa aliye mbali. Na kama ni jike mwenye usaha kizazini, wa kutafutwa ni mwenye chumba cha upasuaji na dawa za usingizi anazozijua, hata kama ni safari. Kwa Bosi tulikuwa na nafasi finyu ya kupima, na tuliipata kwa bahati ya simu ya mdogo wangu. Bahati hiyo ndiyo inayonisumbua. Kama asingepiga saa ile, ningechoma sisi tatu.

Siku ya 28 kineli kilisoma 38. Fizi zilikuwa na rangi ya waridi, na pale madoa yalipokuwa pamebaki ngozi ya kawaida. Daktari alisema mbwa wengine hubaki na mabaki ya ugonjwa huu mwilini na unaweza kuamka tena, kwa hiyo tunampima kila baada ya miezi sita.

Bwana mifugo alikuja mwezi uliofuata kwa ajili ya mtamba aliyekuwa akichechemea. Alizungusha utepe, akasoma, akachoma. Kisha akauliza anaendeleaje yule mbwa, nikamletea daftari la daktari. Alilisoma amesimama, ukurasa baada ya ukurasa, akarudi kwenye ule wa kwanza na kugusa ile 26 yenye duara. Akaniomba mizani ya magunia. Kijana wetu akampakata Bosi, akapanda, bwana mifugo akachuchumaa kusoma. Ilikuwa kilo 29. Akatoa kalamu mfukoni, akaiandika kwenye kadi mwenyewe, na tarehe.